Kuni Walizozificha Tanurini

Kwenye karatasi ya chokoleti ile wamechora jua. Ni jua la manjano, la mviringo, lenye miale mifupi kama meno ya kitana. Chini yake wameandika kwa herufi za madaha kwamba kakao iliyomo imekaushwa kwa jua na imelimwa kivulini, bila msitu kudhurika. Anayeinunua huko mbali hulipa zaidi kwa ajili ya maneno hayo, na kabla hajaifungua tayari anajiona ametenda wema.

Jua hilo mimi nalifahamu. Lina magoti mabovu. Lina kovu la moto kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, na nyusi zake ziliungua zamani zikaota tena chache chache. Kila asubuhi linakohoa kabla ya kusalimia. Jua hilo ni mama yangu mdogo, na pale kituoni kila mtu humwita Mama Tanuri.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka na uongo unaosemwa kwa sauti ya upole. Mwongo mwenye makelele utamkwepa, maana unamjua. Huyu mwenye kalamu nzuri, mwenye picha za majani na maneno ya kutunza dunia, ndiye anayekula mpaka mizizi huku akikupigapiga begani.

Kituo cha kununulia kakao kiko kwenye mteremko, juu kidogo ya barabara. Mbele kuna ofisi yenye mlango wa buluu na kibanda cha mizani. Pembeni yamepangwa masanduku makubwa ya mbao ambamo mbegu mbichi, nyeupe na zenye utelezi, hufunikwa kwa majani ya migomba zichachuke mpaka zitoe joto na harufu kali kama ya siki. Kisha kuna vichanja, safu ndefu za meza za wavu, ambapo mbegu hutandazwa zikauke. Nyuma kabisa, mahali ambapo mgeni hapelekwi, kuna tanuri.

Mama Mdogo alifika hapo akiwa msichana. Alianza kwa kupasua matunda, akahamia kwenye masanduku, akapelekwa kwenye moto, na hapo wakamwacha. Aliolewa akitoka kwenye moto, akazaa, akafiwa na mume, akarudi kwenye moto. Wanawe wamekua wameondoka, na wakimkumbuka, nadhani, humkumbuka kwa harufu ya majivu.

Tanuri lipo kwa sababu moja tu: kwetu kakao huiva pamoja na mvua. Aliyechora jua kwenye karatasi hakuuliza hilo. Wakati masanduku yamejaa pomoni, mawingu nayo yamejaa, na mbegu mbichi ikikaa na unyevu huota ukungu ikawa ya kutupa. Kwa hiyo kampuni ilijenga chumba cha matofali chenye sakafu ya wavu, na chini yake ikapitisha mabomba makubwa ya chuma. Moto huwashwa kwa nyuma, mdomoni mwa tanuri, joto likapita mabombani, likapanda, likakausha mbegu zilizotandazwa juu.

Mabomba hayo yamepasuka kwenye viungo siku nyingi. Ukiwasha kuni laini au mbichi, moshi huvuja ukaingia kwenye mbegu, na moshi ukishaingia hautoki tena. Chokoleti yake ingekuwa na ladha ya samaki aliyebanikwa. Hilo kampuni ililiona mara moja, ikatoa amri kali. Mbegu yenye moshi hairuhusiwi. Moshi ukapigwa marufuku. Kuni hazikupigwa marufuku. Kutengeneza mabomba nako hakukutajwa.

Basi ikabidi zitafutwe kuni ngumu, kavu, za miti iliyokomaa, zinazowaka kwa joto kali pasipo moshi. Na miti iliyokomaa ilikuwa wapi? Ilikuwa mashambani, imesimama juu ya kakao yenyewe, ikiipa kivuli. Walianza na matawi makavu. Wakaja kwenye miti iliyoanguka. Halafu wakaanza kuiangusha wenyewe. Mteremko mmoja ukawa kipara, na wa pili ukafuata. Kakao iliyovuliwa kivuli ikaungua majani kama karatasi iliyosogezwa karibu na taa, na matunda machanga yakawa meusi yakakaukia mtini. Wakulima wakasema hali ya hewa imebadilika. Ni kweli, ila kuna waliobadilisha hewa ya shamba kwa msumeno, na walikuwa wakilipwa mshahara.

Mama Tanuri alikuwa bingwa wa moto usio na moshi. Alikaa mbele ya mdomo wa tanuri, akalisha gogo moja moja, akitazama rangi ya mwali. Meneja alizoea kusema mbele za watu kwamba mama huyu anastahili nishani. Nishani hakumpa. Hata glavu hakumpa.

Wageni kutoka kiwandani walikuja kila mwaka, na ujio wao ulitangazwa mapema, ili ukweli upate nafasi ya kujificha. Siku ya kuamkia ujio moto ulizimwa, majivu yakafagiliwa, kuni zikahamishiwa shamba la jirani. Mbegu zote, hata zilizokwisha kauka tanurini, zilibebwa zikatandazwa kwenye vichanja. Wafanyakazi waliiita siku ya jua. Mwanamke mmoja anayegeuza mbegu kwa reki, ambaye kwa maneno yake mengi wamempa jina la Chiriku, alikuwa akipita akiimba, "Leo jua limeajiriwa, kesho litafukuzwa kazi!" Watu wakacheka, meneja naye akacheka. Uovu ukishakuwa mzaha wa kila mwaka, watu husahau kwamba ni uovu.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mjomba.

Mjomba ni kaka mkubwa wa Mama Mdogo, na ndiye aliyebaki na shamba la babu. Juu ya shamba hilo, penye chemchemi, imesimama mivule ambayo babu aliikuta wakati anafyeka, akaizunguka na panga lake bila kuigusa. Kakao yote ya chini yake bado ni ya kijani. Maji ya chemchemi hayajawahi kukatika. Ilikuwa miti mikubwa ya mwisho upande ule wa barabara.

Alikuja jioni moja, wiki ya ujio wa wageni, akamkuta dada yake kizingitini anakunywa chai. Nilikuwa ndani ninarekebisha bawaba ya dirisha lake, nikasikia yote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa vizuri, nina neno."

"Nimekaa. Ukiniona nimesimama, ni macho yako."

Hakucheka. "Nimeiuza miti."

"Miti ipi?"

"Ya kwenye chemchemi. Wageni wakiondoka tu, meneja analeta msumeno na pesa."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. "Miti ya baba?"

"Baba amelala pazuri, hanyeshewi. Mimi paa langu linavuja mpaka kitandani. Wifi yako analala amekumbatia sufuria."

"Na chemchemi ikikauka, hiyo sufuria mtaijaza nini?"

"Kila mtu ameuza! Nimebaki mimi peke yangu, watu wakinipita wananiita mlinzi wa nyani."

"Afadhali nyani. Nyani haangushi mti anaolalia."

"Usinitolee macho, mdogo wangu." Sauti ya mjomba ilipanda. "Miti ya jirani wa bondeni, nani aliichoma? Ya yule mjane wa ng'ambo, nani aliichoma? Mimi sina tanuri. Mimi nikikata, anayechoma ni wewe. Tena utachoma vizuri, bila moshi, na watakusifu."

Alijipachika kofia kichwani akaondoka bila kuaga. Mama Mdogo alikaa pale mpaka chai ikapoa. Nilipotoka aliniambia neno moja tu: "Amesema kweli, mpumbavu yule." Kisha akaongeza kwamba magogo yote aliyapokea akiyajua. Gome lilimwambia ni mti gani, na mti ulimwambia ni shamba la nani. Alikuwa akiyajua na kuyatia motoni, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi alikwenda ofisini. Meneja ni kijana mwenye shati lililopigwa pasi hata mikunjo yake inaweza kukata mkate. Nyuma ya kiti chake kimening'inia cheti cha kutunza mazingira, kwenye fremu ya dhahabu bandia. Chiriku alikuwa akifagia barazani, na Chiriku akifagia karibu na mlango ulio wazi, basi kijiji kizima kimealikwa.

"Bosi, nina ombi."

"Sema, mama yangu."

"Tununulie nailoni. Ile pana, nyeupe. Tusimamishe fito juu ya vichanja, tuvike kama kibanda. Mvua itateleza nje, na jua likichungulia hata kidogo ndani panakuwa joto. Kakao itakauka."

"Kwa haraka kama tanuri?"

"Hapana. Taratibu kidogo."

"Taratibu!" Meneja alijiegemeza. "Mama, lori halijui taratibu. Meli haijui taratibu. Mimi nikisema taratibu, wananiambia rudi nyumbani ukafuge bata taratibu."

"Basi waambieni wanaokula. Andikeni kwenye karatasi kwamba ni kuni."

Meneja alicheka kwa dhati, wala hakuwa mtu wa chuki. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. "Mtu ananunua chokoleti ampelekee mchumba. Unataka nimwandikie habari za magogo? Ataipeleka kwa mchumba au kituo cha polisi?"

"Miti ya kaka yangu msiikate."

"Mwenye shamba amekubali. Na kampuni itapanda miche kibao mahali pake, tena na kibao chenye maandishi."

"Mche wako hata kuku hapati kivuli."

"Utakua."

"Utakua mimi nimekufa na wewe umehamishwa."

Hapo kicheko kilimwisha. Akamwambia kwamba wageni wako njiani, na safari hii amemchagua yeye akae mbele, na aproni mpya, na reki mkononi. Wageni wanapenda kumwona mtu mzima. Hatakiwi kusema chochote, atabasamu tu. Mengine wataongea baadaye. Kabla ya kurudi kulima nilifanya kazi kwenye maofisi kiasi cha kujua maana ya baadaye. Ni mahali ambapo haki za wadogo huhifadhiwa mpaka zioze.

Sasa sikia walivyofanya kuhusu kuni, maana hapa ndipo walipojiroga wenyewe.

Mvua ilikuwa imelainisha njia ya kwenda shamba la jirani, na mkokoteni haukuweza kupita. Nyuma ya tanuri rundo lilikuwa refu kuliko mtu. Juu ya rundo hilo walikuwa wamekwisha tupa matawi ya chini ya mivule ya babu, ambayo wakata miti waliyapunguza mapema ili kurahisisha kazi yao. Na choo cha wageni kiko upande huohuo. Meneja alizunguka rundo, akajikuna kidevu, kisha akapata akili ambayo hawezi kuipata ila mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya moto.

"Zitieni zote tanurini," akasema. "Fungeni mlango. Bandikeni karatasi, andikeni stoo. Nani atatafuta kuni ndani ya tanuri?"

Wakazishindilia. Magogo makavu chini, matawi mabichi juu mpaka mdomoni, mlango wa chuma ukasukumwa kwa bega ukafungwa. Chiriku alisimama mikono kiunoni. "Mama, umeona? Wamemficha kuku mdomoni mwa paka."

Mama Mdogo alikuwa amelishika tawi moja kabla halijatiwa, tawi nene lililochongoka mahali lilipokatwa. Kwenye mgongo wake palikuwa na mfuo, kama shingo iliyowahi kufungwa kamba. Na ni kamba kweli. Hapo ndipo yeye, mama yangu na mjomba walipofunga bembea yao utotoni, mwaka baada ya mwaka, hata mti ukakubali kukua na alama hiyo. Alilitazama, akalipitisha kidole, akalisukuma mwenyewe mdomoni mwa tanuri, karibu kabisa na mlango.

Siku yenyewe ilipambazuka na mawingu. Walisimamisha hema mbele ya ofisi, wakapanga viti vya plastiki, na wakulima tukaambiwa tukae nyuma. Mjomba alikuwepo, kofia mkononi. Mgeni mkubwa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kiwanda cha chokoleti, amevaa viatu vya kupandia milima. Kiswahili alikuwa amejifunza, akikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alileta chokoleti nyingi, zile zenye jua, akazigawa kwa mikono miwili.

Meneja alihutubia. Akaeleza jua letu, upepo wetu, miti yetu. Akasema mkulima wa hapa na mti ni ndugu. Nilimtazama mjomba, naye akatazama viatu vyake. Mama Tanuri alikaa mbele, aproni nyeupe kama karatasi, hajatabasamu hata kidogo.

Mgeni alipomaliza kupiga makofi alimgeukia. "Mama, kazi nzuri. Mimi nina swali. Mvua ikinyesha, mnafanya nini?"

"Wanafunika," meneja akadakia, "wanangoja. Ni watu wavumilivu sana."

"Asante. Lakini nimemuuliza mama."

Mama Mdogo aliinuka, magoti yakilalamika, akasimama kidogo akitazama bendera ya kampuni iliyokuwa mlangoni. Baadaye nilielewa alichokuwa akitazama: upepo ulikuwa unavuma kuelekea barabarani, mbali na vichanja. Hakutaka kuharibu mbegu za mtu.

"Nitakuonyesha, mwanangu," akamwambia mgeni. "Ngoja nikalete jua. Tunaliweka huko nyuma."

Watu wakacheka. Meneja alicheka kuliko wote, akageukia wageni. "Wazee wetu wana utani!"

Akaenda. Hotuba ikaendelea. Kibiriti kilikuwa mfukoni mwa aproni tangu asubuhi.

Kwanza ulitoka uzi mweupe juu ya paa la ofisi, mwembamba, kama wa sigara. Kisha bomba la tanuri likakohoa, ukapanda moshi mzito, wa kijivu na manjano, unaojikunja na kujisukuma, moshi wa majani mabichi na utomvu. Mwanamke yule aliyeishi maisha yake yote akizuia moshi alikuwa ameuachia wote siku moja. Uliinama juu ya ofisi, ukashuka hadi barabarani, na waendesha baiskeli wakasimama kutazama.

"Huo ni jirani," meneja akasema. "Anachoma takataka."

"Jirani gani, bosi?" Chiriku akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni. "Huko nyuma jirani yetu ni stoo."

"Stoo inaungua!" akapiga kelele mlinzi, ambaye ni mtu mwaminifu na hakuelezwa chochote. Akakurupuka na ndoo. Sote tukamfuata, mgeni naye na viatu vyake vya milima, na meneja nyuma yetu akisema jamani, jamani, tuketi, jamani.

Mama Tanuri alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chuma, ametundika ile karatasi ya stoo kwenye msumari pembeni, kwa adabu, isiungue. Mkononi alishika chuma chake chenye ndoano.

"Weka ndoo chini, baba," akamwambia mlinzi. "Haiungui. Inafanya kazi yake."

Kisha akafungua mlango. Joto likatusukuma nyuma hatua mbili. Akaingiza ndoano, akavuta, na tawi la juu likatoka likiburuzika mpaka miguuni pa mgeni. Lilikuwa halijashika moto bado. Majani yalikuwa yanajikunja, na utomvu ulichemka kwenye kidonda chake ukitoa sauti kama ya mtu anayenong'ona.

"Uliniuliza mvua ikinyesha tunafanya nini," Mama Mdogo akasema. "Tunafanya hivi. Hili ndilo jua lenu. Lina mdomo, na halijawahi kushiba."

Mgeni alimtazama meneja. "Hii ni ya kila siku?"

"Ni dharura tu, ni ya dharura…"

"Dharura imenizeesha," akasema Mama Mdogo.

Mgeni akainama juu ya tawi. "Mti huu ni wa nani?"

Watu wengi pale walikuwa wameuza miti, na kila mmoja alijiona ameulizwa yeye. Mjomba alikuwa mbele, sijui alifikaje mbele. Aliutazama ule mfuo wa kamba kwenye tawi.

"Wa baba yetu," akasema. "Tulifunga bembea hapo."

Dada yake hakumsuta. Alimpa chuma kile chenye ndoano akishike, nao wakasimama hivyo, wazee wawili mbele ya moto.

Ningependa kusema mgeni alilia, au kwamba aliivunja mikataba papo hapo. Alikasirika, ndiyo. Lakini alikasirika kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula, ambaye kosa analoliona ni kwamba imeonekana. Alipopata pumzi, swali lake la kwanza kwa meneja, kwa lugha yao ambayo mimi pia naijua, lilikuwa hili: kuna mtu yeyote hapa aliyepiga picha? Nalirudia swali hilo hapa ili lisipotee. Hakuuliza juu ya chemchemi. Hakuuliza mashamba yaliyonyolewa. Hakuuliza huyu mama amevuta hewa gani miaka yote hiyo.

Mvua ikaanza. Wote wenye akili tukakimbilia vichanja kuokoa mbegu, na magari ya wageni yakaondoka yakiteleza kwenye tope. Meneja alimsubiri Mama Mdogo penye kibanda cha mizani, shati limemganda mwilini.

"Vua aproni," akamwambia. "Usije tena."

Akaivua, akaikunja vizuri mara nne. "Chukua. Haijachafuka. Leo ndiyo mara ya kwanza nimefanya kazi bila kuchafuka."

Wakata miti walifika shambani siku chache baadaye, maana msumeno haukusikia habari hizo. Walimkuta mjomba ameketi kwenye shina la mvule, panga mapajani.

"Mzee, tulikubaliana," wakasema.

"Nilikubali nikiwa sijaona."

"Kuona nini?"

"Nendeni kwa dada yangu awaeleze. Mimi nikieleza nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti nitasimama."

Hawakutaka asimame. Wakaondoka. Mivule ipo, na chemchemi inatoa maji mpaka leo, na paa la mjomba lilitulia baadaye kwa nailoni nyeupe ambayo yeye na dada yake waliinunua kwa shida. Nusu walifunikia nyumba, nusu wakaisimamisha kwa fito juu ya kichanja kwenye uwanda ulio chini ya shamba. Wifi yake ameirudisha sufuria jikoni. Mama Mdogo hukaa hapo na reki yake, akigeuza kakao ya kaka yake, bado anakohoa.

Kampuni nayo ilijirekebisha, na kiwanda pia. Nimeiona karatasi mpya ya chokoleti. Maneno ya kukaushwa kwa jua yameondolewa, ila jua lenyewe limebaki, tena wamelikuza. Mchoro hauapi, wakili wao anajua hilo. Mabomba hayajatengenezwa. Wamejenga ukuta mrefu kuzunguka tanuri, wakaupaka rangi ya kijani na kuchora majani, na kuni sasa zinaletwa na lori kutoka mbali, kwa wakulima ambao sisi hatuwajui wala wao hawatujui. Kuna mtu huko ambaye sasa hivi anaitwa mlinzi wa nyani.

Mnunuzi ni huyohuyo mmoja, hakuna mwingine. Kwa hiyo kakao ikikauka, Mama Mdogo huibeba mwenyewe mpaka kituoni, kwa mlango wa nyuma, maana mlinzi amekatazwa kumpitisha mbele. Kakao hiyo humwagwa kwenye lundo moja na ile ya tanuri. Inaingia kwenye gunia hilohilo, inapanda meli hiyohiyo, na ukinunua chokoleti ile leo, punje chache zilizoona jua kweli ni za mwanamke waliyemfukuza kwa kusema kweli.

Chiriku amehamishiwa kwenye mizani. Akimwona anatokea kwa mlango wa nyuma, gunia kichwani, humwita mbele ya watu wote, meneja akisikia ndani ya mlango wake wa buluu.

"Mama! Leo umetuletea nini?"

"Jua," hujibu Mama Tanuri, akilitua gunia. "Lipime vizuri."